Kata Iliyolazwa Chali

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu, nayo haieleweki vizuri bila kuanza na ubishi wangu na bibi yangu juu ya mtungi.

Tulikaa kijiji kimoja karibu na Moa, miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yuko na mkonge ndio mfalme wa mashamba. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia. Bibi, Mwanaidi jina lake, aliweka mtungi barazani kwa ajili ya wapita njia, na juu yake kata ya kifuu cha nazi. Kila Ijumaa aliuosha mtungi ule akaufukiza kwa ubani, hata maji yakawa na harufu ya moshi mtamu. Jambo jema hilo, sipingi. Ila kisima cha karibu kilikuwa cha chumvi, maji matamu yalikuwa mbali, na mwenye kuyabeba kwa mzega, debe mbele debe nyuma, nilikuwa mimi.

Nami nilikuwa mtu wa biashara. Nilinunua papa mkavu pwani nikauza Tanga mjini, na sikununua kitu bila kukigeuza mara mbili na kukikashifu kidogo mbele ya mwenyewe. Mtungi ule nikauona hauna faida. Nikamwambia Bibi, "Wapita njia wanywe, sawa. Lakini kila anywaye aache japo ukuni mmoja."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe ungemwuzia mtu kivuli cha mnazi wake mwenyewe! Sikiliza, mjukuu wangu. Maji yakishaingia mtungi wa njiani si yangu tena, wala si yako. Sasa unataka kuuza mali ya nani?"

Nikauweka mzega begani nikayafuata maji, huku nikinung'unika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Juu ya bega la mwenyeji hawakusema kitu.

Bibi alikuwa na sharti moja tu. Ukimaliza kunywa, ulaze kata kifudifudi juu ya kifuniko. Anayeilaza chali, mdomo ukitazama juu, huyo hajamaliza; atarudi. Mimi nilidhani ni ujanja wa wazee wa kuzuia vumbi.

Mchana mmoja akaja manamba, mkata mkonge wa mkataba, mtu wa bara, mrefu, macho ya manjano kwa homa. Alikuwa anarudi kambini kwao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu maji."

Akanywa kata ya kwanza, akanywa ya pili. Alipochota tena mikono ikaanza kumtetemeka, maji yakamwagika kifuani. Bibi akanitazama. Nikainuka nikamshikia kata, kidole changu juu ya uzi mwekundu nilioufungia mpini ulipolegea, mpaka akanywa tone la mwisho. Aliponitazama, nilihisi kama ananihesabu yeye, mimi niliyezoea kuhesabu.

Kisha akailaza kata chali.

"We bwana, igeuze hiyo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Bado," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaenda zake.

"Mwache," Bibi akasema. "Atarudi."

Zikapita siku. Asubuhi moja nilipata habari kwamba lori la kwenda mjini litaondoka mapema, na wachuuzi wenzangu wameshatangulia barabarani. Nikajitwika kapu langu la papa, nikakata kupitia jangwani. Jangwa kwetu ni ule uwanja wa chumvi ulio nyuma ya mikoko, mweupe, hauna mti wala kivuli. Mtu mwenye akili hapiti pale siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida. Lakini mwenye kuwahi soko ana akili ya aina nyingine.

Jua lilipopanda, ardhi ikaanza kumeremeta. Mikoko ya mbele ikawa sawa na ya nyuma. Nilitembea nikaukuta unyayo, nikafurahi, kumbe ni wangu. Nikatembea tena, nikaukuta tena. Koo lilikauka hata mate yakakataa. Halafu nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona ndani ya tope: maji yanaingia kwenye vijito, huku na huku. Nikalitua kapu. Mwanangu, nililiacha kapu la papa, nawe unijuaye utaelewa kwamba nilijua ninakufa.

Ndipo nikamwona amechuchumaa juu ya mzizi wa mkoko. Yule mtu wa bara. Macho yake hayakuwa ya manjano tena. Mkononi ana kata imejaa pomoni, wala haitetemeki. Hakuna mtungi pale, hakuna kisima, pande zote ni chumvi.

Akanishikia kata nikanywa. Yalikuwa maji baridi, yenye moshi wa ubani.

"Umetoka wapi?" nikamwuliza.

"Nifuate," akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi.

Nikamfuata. Unawajua kaa wadogo wa matopeni. Hata kivuli cha ndege kikiwapitia, huzama mashimoni mwao wote kwa pamoja. Yeye alipita katikati yao, hakuna kaa aliyestuka. Walikula tu. Nilipoweka mguu mimi, tope lote likawa tupu. Nikatazama mara ya pili, maana ndiyo tabia yangu. Ikawa vilevile. Sikuuliza tena kitu.

Tulipotoka kwenye mikoko niliona paa la nyumba yetu. Akanipa kata mkononi, akanionyesha kwa kidevu. Nilipiga hatua, nikakumbuka adabu, nikageuka kumshukuru. Kulikuwa na kaa tu, wako nje, wanakula.

Barazani nilimkuta Bibi na manamba mwingine, mfupi, kofia magotini.

"Kata umeipeleka wapi?" Bibi akanifokea kabla sijasalimu. "Tangu asubuhi haipo! Mgeni nampa maji kwa bakuli la mchuzi, aibu gani hii?"

Nilitazama mkono wangu. Uzi mwekundu ulikuwa pale, fundo langu lilelile.

Mgeni aliendelea na habari yake taratibu. "Basi, Bibi, mwenzangu homa ilimzidi. Juzi tumemzika kambini. Siku ile ya mwisho alitaka maji yenye moshi. Tulimpa ya pipa, akayakataa. Akasema mahali anapajua, atakwenda kunywa mwenyewe. Nikaona nije niwashukuru kwa niaba yake."

Bibi alimtazama mgeni, akanitazama mimi, akaitazama chumvi iliyonikaukia miguuni. Akaipokea kata. Akaisuuza, akailaza juu ya mtungi kifudifudi.

"Amemaliza," akasema.

Mwanangu, miaka yote hii nimemhesabu mtu yule mara mbili, barazani na jangwani, na hesabu bado inanikatalia. Kapu nalo sikuliona tena. Bamvua halirudishi chenji. Lakini kesho yake nilibeba mzega kabla sijaambiwa, na bega halikuuma.

Nasaha yangu ni hii. Unapompa mgeni, usimchungulie usoni kujua atakulipa nini. Wema hauozi, ila hauji kwa njia uliyoifagia wewe. Huja kwa njia yake, pengine na mtu usiyetaka kumwuliza atokako. Weka mtungi wako njiani, uufukize, kisha usiulinde. Na ukimwona mtu mikono inamtetemeka, mshikie kata mpaka tone la mwisho, hata kama unanung'unika moyoni. Mimi nilinung'unika, na bado maji yalinifikia.

Mungu akupe njia zenye maji, mwanangu, na siku mikono yako itakapotetemeka, asikukoseshe wa kukushikia.