Mkwe Aliyekuja Kukagua Kabati la Samaki

Nikisimulia haya watu hucheka, na sina nguvu ya kuwabishia. Lakini yalinikuta mimi mwenyewe, Kibiti hapahapa, sebuleni kwangu, na akili zangu timamu.

Nafuga samaki wa mapambo. Tangi lao la kioo limekaa juu ya kabati, na ndani ya kabati ndimo nilimofungia pampu, chujio na nyaya za umeme. Fundi alilitengeneza bila tundu hata moja. Masika yalipoanza likanuka uvundo. Mbao zikavimba na kuota ukungu, milango ikawa haifungi, na ndani kuta zikatoka jasho kama sufuria ya wali iliyofunikwa. Nilifanya nini? Nikapulizia manukato, basi.

Jioni moja mvua inanyesha, mke wangu Mwanaidi yuko kwa jirani, akaingia baba yake. Mzee huyu anaishi Ruaruke. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akachuchumaa, akafungua. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mkwe wako auone ukungu ule?

"Humu hamna pumzi," akasema. "Toboa nyuma, chini na juu. Hewa iingie chini, joto na unyevu vitokee juu."

Kisha akanionyesha ekstensheni iliyolala ndani mle, imelowa, upande mmoja umeungua. Akaniambia niitundike juu, na kila waya uning'inie kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondoke njiani. Nikazima umeme, nikaenda chumbani kuchukua keekee ya kutobolea. Kurudi, hayupo.

Mwanaidi aliporudi nikamsimulia, akampigia baba yake simu. Mzee yuko Ruaruke kitandani, goti linamuuma, hajatoka kutwa nzima. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kanzu yake ilikuwa kavu kabisa, na nje mvua. Sasa niambie, nani aliyechuchumaa sebuleni kwangu?

Matundu niliyatoboa, kabati likakauka. Hofu ndiyo haikunitoka.

Wiki iliyofuata, Mwanaidi kaenda sokoni, nikaona dirishani kanzu ileile inakuja. Nikatia komeo. Nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikamrushia chumvi kupitia nondo za dirisha. Majirani wakatoka. Mzee amesimama mvuani, kuku mkononi, chumvi kwenye ndevu.

"Mwanangu, ni mimi," akasema taratibu. "Nimekuja kuwaangalia."

Nikazidisha kusoma. Akamweka kuku barazani, akageuka, akaondoka akichechemea. Nilipoona anavyouburuta mguu wa goti lile, nikajua ni yeye mwenyewe. Na niamini, hata hapo sikufungua. Macho ya majirani yalikuwa yote mlangoni kwangu.

Tulikwenda Ruaruke kumwomba radhi. Akasema yamekwisha, tukala naye. Lakini akija Kibiti kutibiwa goti, hufikia kwa jirani na kumwita binti yake huko. Namsikia akikohoa ng'ambo ya ua, nami nimejikunyata ndani, sina uso wa kutoka.

Nawe unayenisikiliza, nakuusia. Kile kilichokuja kwanza, sijui ni nini, kilinifaa na kikaenda zake. Aliyeumia ni mzee wa watu. Jini likiazima sura ya mtu wako, usimwadhibu mwenye sura yake.