Mwaka wangu wa kwanza chuo hapa Muscat, mie mama wa watoto watatu

Asalaam aleikum wakuu.

Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu.

Nnaishi Bawshar, wazee wangu wametoka Unguja. Niliolewa nilipomaliza skuli tu, nikalea. Mwanangu mdogo alipoanza darasa la kwanza, nikamwambia mume wangu nataka kusoma famasia.

Akacheka. Akaona mie sicheki.

"Basi nenda. Watoto ntawapeleka mie skuli."

Siku ya kwanza naingia darasani, wasichana wakanyamaza wote. Walidhani mie ndo mwalimu!

Sasa, masomo yote Kiingereza. Kemia ikanikaba. Test ya kwanza nikafeli, nikaenda kulia ndani ya gari pale pale parking, nishaamua kuacha.

Mara kioo kinagongwa. Shaikha, binti wa darasani kwetu, macho mekundu. Naye kafeli.

"Khalti," yaani mama mdogo, ndo wanavyoniita, "mie narudi kwetu. Sirudi tena hapa."

Sijui maneno yalitoka wapi, wallahi. Nikamwambia: "Huendi popote. Kesho baada ya alasiri njoo kwangu tusome."

Nikishasema hivyo, mie naachaje tena?

Akaja na wenzake wawili. Meza yetu ya kulia ikawa darasa. Mmoja hodari wa Kiingereza, mwengine wa hesabu. Mie nilikuwa wa kuuliza mpaka waeleze nielewe, na kukaanga sambusa 😅

Asiyetokea, nampigia simu. Na kama simu haipokelewi, nampigia mama yake!

Halafu tukajikaza, tukaenda ofisini kwa mwalimu wa kemia. Tulikuwa tunamuogopa yule. Akatwambia, "Kila wiki nakaa hapa nawasubirini, haji mtu." Tangu siku ile tukawa tunamwendea kila tukikwama.

Matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, Shaikha kanipigia anapiga kelele. Kapita! Wenzake nao wamepita. Kwa furaha nikasahau kuangalia yangu. Mume wangu ndo kafungua, akawaita watoto: "Mama yenu kapita!"

Yule mdogo akauliza, "Na kemia?"

Na kemia, baba. Na kemia!

Wakuu, nilichojifunza: akili sote tulikuwa nazo. Kilichotubakisha chuo ni kuwa na mtu wa kukuuliza, "Mbona leo hukuja?"

Nyie mwaka wa kwanza nani alikuulizeni? Semeni hapo chini. Na kama kuna mama anasoma huku anajiona kachelewa, aandike pia. Mie nipo, ntamjibu.