Kiatu Nilichopanda Nacho kwa Tabibu wa Mikono

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotaka kuipoteza miguu yangu kwa ajili ya heshima. Nilikuwa kijana, nimeolewa miaka mitatu pale Uroa, nalima mwani. Kazi yenyewe unaijua: umeinama tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, kisha unapandisha pwani gunia bichi kichwani. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini aliyesema hivyo hakuinama miaka mitatu. Mgongo ukaniuma, maumivu yakateremka pajani, halafu yakapungua, pakaja ganzi. Nikafurahi, nikidhani napona. Ujana una dhana zake.

Mavyaa wangu Bi Mize, mama wa mume wangu, alishanipeleka kwa kila mchuaji wa pwani yetu. Safari hii alisikia kuwa Mji Mkongwe yupo mwanamke aliyesomea ng'ambo tiba ya mikono, wenyewe huiita osteopathia, anayetibu mgongo na viungo bila dawa wala sindano. Tukaenda. Njia nzima Bi Mize alinieleza jinsi nitakavyolazwa, mifupa italia mara moja, na jioni nitarudi mzima. Alijuaje, sikumuuliza.

Tabibu Rukia alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Hakunigusa kwanza. Alikaa na daftari lake akauliza maumivu yalianza vipi, yanazidi nikiinama au nikikaa, nalala vipi, nimewahi kuanguka, nina ujauzito. Bi Mize akaanza kuchoka. Kwake yeye, mchuaji hodari hupapasa tu akajua. Kisha tabibu akauliza kama nina ganzi miguuni, na kama haja ndogo inakwenda kama kawaida.

Ningejibu nini, mwanangu, na mavyaa wangu kakaa ubavuni? Tangu jana yake nilikuwa sijui kibofu kimejaa lini wala kimemwagika lini. Nikajibu kama tulivyolelewa kujibu, kwamba mimi mzima, alhamdulillah. Akauliza tena kwa njia nyingine. Alhamdulillah, sina neno. Kwetu hata mwenye homa akiulizwa hali huanza kwa kushukuru, na wengi wetu huishia hapo hapo.

Tabibu akatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa na kiatu. Kule chini mlangoni nilikung'uta miguu kama kila siku ili viatu vyangu vya plastiki vitoke. Cha kushoto kikatoka, cha kulia kikabaki, nami nikapanda nacho ngazi zote mpaka juu ya zulia lake bila kuhisi. Bi Mize alipokiona aliona haya, mke wa mwanawe kuingia na kiatu ndani ya nyumba ya watu, akaniamrisha nikivue. Tabibu akamzuia. Akakivua mwenyewe, akaniambia nifumbe macho, akanigusa unyayo kwa pamba na kuniuliza anagusa wapi. Sikujua hata kama ameshaanza.

"Mwanangu," akasema, "kumshukuru Mungu ni ibada. Lakini mimi sikukuuliza imani yako, nnakuuliza mguu wako. Nambie kweli, mkojo unausikia?"

Nikalia. Nikasema siusikii, tangu jana. Bi Mize akanishika bega, akauliza taratibu, "Kwani mimi nani yako, mpaka unifiche?" Swali lile liliniuma kuliko mgongo.

Tabibu akafunga daftari. Akasema hatanibonyeza wala hatanivuta, na mtu yeyote asithubutu kunikanyaga mgongo. Alihofia mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na hilo si la mikono, ni la hospitali, leo hii. Akaandika barua, akateremka nasi mwenyewe kututafutia gari. Kesho yake nilivushwa Dar es Salaam, nikapasuliwa. Daktari wa kule alisema ningengoja kidogo tu, ningebaki mtu wa kubebwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nusura nichelewe kwa sababu ya adabu.

Miezi ikapita, daktari akaniruhusu, nikarudi kwa Tabibu Rukia. Sasa ndipo nilipoijua mikono yake. Alifanya kazi polepole, anabonyeza hapa, ananyoosha pale, anaizungusha nyonga, na kila mara ananiuliza kama panauma. Nikisema basi, anaacha. Hakuna mfupa uliolia, jambo lililomsikitisha sana Bi Mize. Kesho yake mwili ulichoka kama nimetwanga kutwa, naye alishanionya kuwa huwa hivyo siku moja au mbili. Alinifundisha kuinama kwa magoti na kunyoosha mwili nyumbani, akaniambia tukienda mara kadhaa bila nafuu atanieleza wazi, hatanizungusha bure. Nafuu ilikuja kidogo kidogo, na mwani nikaurudia.

Basi wewe unayeumwa, nenda, wala usiogope. Tiba hii ina kazi yake na ina mipaka yake. Anayekuahidi kuponya kila maradhi mpe kisogo. Anayekuuliza sana kabla ya kukugusa, huyo tulia naye. Ukitaka shuka la kujistiri, omba. Ukitaka uliyekuja naye atoke, mwambie atoke, hata akiwa mavyaa wako. Na ukiona ganzi mapajani, mguu unalegea, au haja huisikii, usitafute mkono wa mtu, kimbilia hospitali. Mficha uchi hazai, wala hatibiwi.

Lakini zaidi ya yote, usiwapunje wanaokupenda habari ya mwili wako. Bi Mize ndiye aliyeniogesha wiki sita baada ya upasuaji, akanibadilisha nguo kama mtoto mchanga, na hakuna siku aliyokunja uso. Mimi nilikuwa tayari kulemaa ili asijue kuwa nimejikojolea.

Mungu akupe tabibu mwenye subira, mwanangu, na akupe ulimi wa kusema panapouma mbele ya wale watakaokushika ukianguka.