Uso wa Bibi Kwenye Koti Langu

Nilirudi Mugoma na stashahada ya uchoraji na koti jeupe, vyote kwa jasho langu. Mdogo wangu Adela, mkulima aliyejifundisha mwenyewe, alikuwa amemchora bibi yetu kwa rangi ya mafuta, nyuma yake vilima vya kwetu. Ilikuwa zawadi ya misa ya shukrani ya bibi.

"Kaka, uso nimeumalizia jana. Haujakauka."

"Unamfundisha msomi?"

Nikaifunga picha mgongoni, rangi ikigusa koti ili isipate vumbi, nikapanda pikipiki.

Kanisani nilipita katikati kifua mbele, watu wakicheka nyuma yangu. Picha niliyomkabidhi bibi ilibaki na vilima tu.

Bibi, Adela kando yake, akanigeuza.

"Ni mimi kabisa, hata jicho hili linalosinzia. Adela, una mkono wa kuchora. Wewe msomi, kaa benchi la mbele, wote wanione."