Mwaka Niliotafuta Katikati ya Ulimwengu

Harufu ya mwani ulioanikwa juani hunirudisha Makunduchi, kwa Shangazi Mize, dada yake baba, aliyekuwa mwalimu wa fizikia. Nilikuwa na miaka kumi. Baba na mama walikuwa wameachana. Mama kabaki nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Ng'ambo, baba kahamia Fumba, nami nikapelekwa kwa shangazi mpaka mambo yatulie. Siku za kule zilikwenda polepole, nyeupe kwa jua na mchanga, nami nikizipita kama niliye usingizini. Kila Ijumaa baba alikuja kunitazama, na kila Ijumaa nilijifungia chumbani hata aondoke. Yeye ndiye aliyebeba begi, basi yeye ndiye aliyetuacha.

Alasiri moja shangazi alikuwa barazani akitayarisha somo la kesho yake. Alipuliza puto jekundu kidogo, akanipa kalamu nilitie vitone. "Kila kitone ni galaksi," alisema, "kundi la nyota zisizo na idadi. Chagua kimoja, ujifanye unakaa hapo." Nikachagua, nikakiita Ng'ambo. Akapuliza, mashavu yamemtuna, na vitone vyote vikakikimbia changu.

"Basi mimi ndiye wa katikati," nikasema.

"Hamia kingine."

Nikahamia. Akapuliza tena, na vyote vikakikimbia na hicho, hata Ng'ambo yangu. Nilihisi kizunguzungu kitamu, kana kwamba sakafu ya baraza imeyeyuka chini yangu nami naelea.

"Katikati ni ndani, penye pumzi yako," nikabisha.

"Ndani hamna galaksi. Ulimwengu wetu hapa ni hii ngozi tu, na juu ya ngozi hakuna katikati. Hakuna kitone kilichotembea, mwanangu. Nafasi baina yavyo ndiyo iliyotanuka."

Nikakigusa kitone changu kwa kidole. "Kwa hiyo, shangazi, hakuna aliyemwacha mwenzake?"

Aliliachia puto likasinyaa mkononi mwake. Macho yalimlowa. "Mimi nnasomesha nyota tu," alisema.

Ijumaa ile sikujifungia. Nilimsubiri baba mlangoni. "Shikamoo, baba." Akaitikia "Marahaba", tukala sinia moja, akinichambulia miba ya samaki.

Leo mimi ni mtu mzima, najua watu si galaksi. Baba alikuwa na miguu, na aliitumia. Mama naye alikuwa na sababu zake, alizonieleza juzi juzi tu. Hata hivyo, kosa langu la kitoto lilinipa baba kwa miaka yote hii. Mwezi uliopita aliugua. Mama alinikabidhi hotipoti la supu ya samaki. "Mpelekee babako," alisema, akitazama pembeni. "Usimwambie nani kapika."

Nilifika Fumba, nikammiminia. Alionja, akaweka kijiko chini, kisha akauliza kapika nani.

Nikamwambia.