Kamba ya Mwalimu wa Hesabu

Mama hakupata usingizi: binti yake akishindwa tena hesabu, atarudia darasa. Asubuhi akachungulia dirisha la darasa. Mwalimu wa hesabu, makalio meupe kwa chaki kama kila siku, alikuwa ameunga kamba ncha kwa ncha, watoto wanne wakishika pembe. Mstatili mpana ulimeza watoto tisa. Akakohoa mara mbili, kama afanyavyo kabla ya kila swali, akauvuta ukawa mwembamba, kisha akajitosa ndani. Kitambi kikagoma.

"Mbona sienei? Nani kaikata kamba yangu?"

Mama akarefusha shingo dirishani.

"Hakuna, Mwalimu," binti akajibu. "Mzingo ni uleule. Eneo ndilo limepungua."

Mwalimu akajinasua, akafungua mlango. "Mama, ingia upumzishe shingo. Mwanao amevuka."