Pampu Moja, Matangi Manne na Zulia Langu

Leo mume wangu amefanikiwa kuleta mafuriko Lodwar bila mvua.

Ana matangi manne ya samaki wa mapambo sebuleni. Mchana ameyaunganisha yote na pampu moja kubwa ya hewa. Ameiweka sakafuni, akapeleka kipaipu chembamba kwa kila tangi.

Kisha akaita majirani waje kuona. Ndiyo, waje kuona samaki wakipewa hewa.

Mama Ekai, anayeuza petroli kwa chupa hapo barabarani, akainama akatazama.

"Baba Kevo, hii mashine iko chini kuliko maji ya tangi. Stima ikipotea, maji itarudi kwa paipu."

Mume wangu akatabasamu lile tabasamu lake la ofisini. "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Sawa," akasema Mama Ekai, akarudi kitini kwa chai niliyomkaribisha.

Hazikupita dakika kumi, stima ikapotea, pampu ikazima. Ni Lodwar hii, mlitarajia nini?

Maji yakashuka kwenye matangi yote manne, yakapitia kwenye pampu, yakamwagika kwenye zulia langu. Samaki wakaanza kulalia ubavu. Mtaalamu akawa anakimbia huku na huku akitafuta beseni.

Mama Ekai akaweka kikombe chini, akavichomoa vile vipaipu kwenye pampu na kuviinua juu ya matangi. Maji yakakoma.

"Mimi nanyonya petroli na paipu kutoka kwa mtungi kila siku. Ikishaanza kushuka, haikomi mpaka uinue paipu," akamwambia mume wangu kwa upole.

Samaki wamepona. Pampu sasa iko juu ya kabati, na bwana anawaeleza majirani kwamba lile lilikuwa jaribio alilopanga.

Mimi siwezi kucheka, naishi naye. Nichekeeni nyinyi.